Jiko la harusi uani kwa marehemu baba

Shikamoo ami.

Mimi ni mpishi wa harusi hapa Pwani. Nilianza mwaka 2013 kwa kumpikia jirani pilau ya akika, kilo 15 tu, kwa sufuria ya kuazima. Watu wakala, wakauliza mpishi ni nani, na tangu siku hiyo sijakaa. Sasa napika shughuli za watu 500 hadi 600, na Shaabani ikiingia huwa nina harusi mbili wikendi moja. Wanawake 7 wanafanya kazi kwangu. Wawili ni wajane, na mmoja anasomesha mtoto chuo kikuu kwa kazi hii hii ya kuchambua mchele na kumenya vitunguu.

Zamani nilikuwa nabeba masufuria na kwenda kupika nyumbani kwa mwenye shughuli, kama walivyofanya wapishi wote. Mwaka 2019 mgongo ulinikataa. Nikajenga banda la mabati uani kwetu, nikaweka mafiga ya matofali, nikaanza kupika hapa hapa na kupeleka chakula kwa gari. Kuni huja kwa kenta kila wiki mbili, za mwembe na mkanju, kwa sababu biriani ya gesi si biriani, ami, hilo nawe walijua.

Nyumba ni ya baba. Alikinunua kiwanja mwaka 1988, hati ni ya miaka 99 na imeandikwa kwamba kiwanja ni cha nyumba moja ya makazi. Alifariki mwaka 2016, Mungu amrehemu. Mama yu hai, naishi naye mimi na mume wangu na watoto. Kaka yangu yuko Maskati, dada yangu ameolewa Malindi. Hatuna ugomvi wowote, hatujagawana chochote.

Sasa shida yangu. Nyuma ya ukuta wetu yuko jirani ambaye miaka yote tulikuwa tukipelekeana futari. Mwaka jana alikuja akasema moshi unaingia chumbani kwa mtoto wake, na mtoto ana pumu. Nikaongeza ukuta mistari mitatu ya mawe. Akaja tena, safari hii kwa sababu kenta limeziba kichochoro na maji yenye mafuta yanapita mlangoni kwake. Sitakuficha, nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama hawezi kuishi na watu akajenge porini. Tangu siku hiyo hatusemezani, na nina yakini ni husuda, kwa sababu alipokuwa akiletewa sahani hakuona moshi.

Siku 6 zilizopita walikuja maafisa wawili wa kaunti na notisi. Inasema natumia ardhi ya makazi kwa biashara bila ruhusa, nisimamishe kazi na niondoe banda. Nikawatolea kibali changu cha biashara. Nakilipia kila mwaka na risiti zote ninazo. Wakasema hicho sicho wanachouliza. Kama si kibali cha biashara, ni kibali gani tena?

Kesho yake akaja kijana mmoja aliyeelekezwa na mtu wa mtaani. Anasema ana watu. Nimpe shilingi 85,000, naye aniletee kwa siku tatu barua yenye muhuri ya kubadilisha matumizi ya kiwanja. Mume wangu ataka tulipe yaishe, maana hasara ya harusi moja ni zaidi ya hizo. Mama anasema nimsubiri kaka arudi mwezi wa Disemba. Nami nina harusi mbili ambazo nimeshapokea arubuni.

Niambie ami: nilipe, nisubiri, au niombe mwenyewe? Nikiomba naanzia wapi? Na yule jirani, kweli anaweza kuzuia riziki ya wanawake 7 kwa ajili ya moshi?

Mpishi wa Shughuli, Pwani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilipoifungua sikuanza na moshi wala kaka yako. Nilitafuta tarehe. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2019, aliyepewa notisi ya namna hiyo na hakuridhika nayo ana siku 14 tangu kuipokea kupeleka rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi, na kamati ina siku 30 za kuamua. Zako 6 zilikuwa zimeshakwenda. Ndiyo sababu nilikupigia jioni ile ile, na nimefurahi kusikia kwamba rufaa imepokelewa na nakala yako imegongwa muhuri wa tarehe. Nakala hiyo iweke kabatini kwa mama pamoja na hati. Ninayoandika sasa ni kwa ajili yako na kwa wengine wengi wenye jiko, saluni, gereji au chekechea uani, ambao notisi bado haijawabishia mlango.

Rufaa ile haisemi kwamba hukukosa. Inaomba muda wa kufanya mambo kwa njia yake, basi. Kuanza matumizi mapya ya ardhi bila ruhusa ni kosa chini ya sheria hiyo, na kupuuza notisi ni kosa jingine. Adhabu yaweza kufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Simwambii mume wako haya ili kumtia hofu. Namwambia kwa sababu anapima 85,000 dhidi ya hasara ya harusi moja, na kipimo hicho kimeacha nje uzito mkubwa kuliko yote.

Uliuliza ni kibali gani tena. Kibali cha biashara kinakuhusu wewe na kazi yako: kinasema mama huyu anauza chakula na amelipa ada ya mwaka. Ardhi haimo ndani yake. Ruhusa unayodaiwa ni ya kiwanja. Baba alipopewa hati ya miaka 99 alipewa na sharti, kwamba hapo itakaa nyumba moja ya familia. Ukiweka mafiga ya kulisha watu 600, sheria inakuhesabu umeendeleza ardhi, sawa na aliyejenga ghorofa, na kila uendelezaji unahitaji ruhusa ya kaunti kwanza. Nilikaa miaka mingi upande wa pili wa dirisha la ofisi ya mipango ya ardhi, na naona sehemu ya lawama ni yetu sisi tuliokuwa ofisini. Dirisha moja linapokea pesa za biashara kila Januari bila kumuuliza mtu kiwanja chake kimeandikwa nini, halafu dirisha la pili linamfuata nyumbani na notisi. Mwananchi anaona ni serikali moja inayomgeuka, na simlaumu.

Yule kijana usimpe hata shilingi. Acha habari ya tabia yake, tazama hesabu zake tu. Anakuahidi barua ya kubadilisha matumizi kwa siku 3. Ombi la kweli hutangazwa magazetini na bango hubandikwa kwenye lango la kiwanja, na majirani hupewa muda wa kuleta pingamizi, ambao kwa desturi ni siku 14. Barua inayotoka siku ya tatu imetoka wapi, wakati majirani hawajaulizwa? Nilimjua mwenye gereji aliyeinunua barua kama hiyo, yenye muhuri mzuri na sahihi ya wino wa buluu. Aliishi nayo miaka minne akiamini mambo yake ni sawa. Siku alipotaka mkopo, benki ikatuma mtu kuulizia nambari ya faili, na nambari ile ikakutwa ni ya mtu mwingine kabisa aliyeomba kujenga ukuta. Alirudi mwanzo, na pesa zimekwenda, na aliyezichukua keshahama. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji. Wewe ni mtu unayelipa ada zako na kutunza risiti. Usijiingize huko.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipita mbio: "Hatuna ugomvi wowote, hatujagawana chochote." Nimeisoma mara tatu, kwa sababu hapo ndipo ombi lako litakapokwama hata ukiajiri mtaalamu bora wa pwani nzima. Ruhusa ya kiwanja huombwa na mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja kwenye daftari la ardhi hadi leo ni marehemu baba yako, na marehemu hawezi kutia sahihi. Wewe ni mtoto wake, unaishi humo, unalipa kila kitu, na pamoja na hayo yote huna karatasi inayokupa mamlaka ya kuliombea eneo lile matumizi mapya. Nimeona mafaili mengi yakirudishwa kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya moshi, kelele na maegesho yakiwekwa pamoja.

Kwa hiyo unaanzia kwenye mirathi. Nyinyi ni Waislamu, na Katiba ya mwaka 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya urithi pale wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda kwake. Mama ana thumni yake. Saba kwa nane iliyobaki inagawanywa mafungu manne, kaka yako mawili, dada yako moja na wewe moja. Maana yake fungu lako ni 7 kwa 32, chini kidogo ya robo. Nakupa hesabu hii uione kwa macho yako: hilo banda umelisimamisha juu ya ardhi ambayo zaidi ya robo tatu yake ni haki ya watu wengine. Wanakupenda, najua. Lakini ruhusa ikitoka, huenda kodi ya ardhi inayolipwa serikali kuu ikakadiriwa upya, na reti za kaunti nazo zikapanda, na deni hilo litakaa juu ya kiwanja chenu nyote. Dada yako wa Malindi ana haki ya kujua hivyo kabla, si baada. Umeniandikia kwamba hamna ugomvi. Basi huu ndio wakati wa kugawana, mkiwa bado mnacheka.

Wala hamlazimiki kusubiri Disemba. Kaka yako anaweza kutia sahihi karatasi za ridhaa huko huko na kuzithibitisha katika ubalozi wetu Maskati. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, anaweza kuliombea eneo ruhusa kwa niaba ya warithi wote. Ningependa msimamizi awe wewe na mama pamoja, ili kila karatasi inayotoka nyumba ile iwe na sahihi yake. Ni nyumba yake ya uzee, asije akasikia habari zake kutoka kwa wageni.

Mirathi ikiwa imesimama, nenda ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote. Nenda asubuhi, na hati mkononi, uulize jambo moja: kwenye ramani ya mipango, eneo letu limetengewa nini, na je, shughuli ya chakula inaruhusiwa humo pamoja na makazi? Kuuliza hakuna malipo. Wakikuonyesha kwamba eneo lote ni la makazi matupu na hakuna ruhusa ya namna hiyo iliyowahi kutolewa, umeokoa pesa nyingi kwa nauli ya tuktuk.

Wakisema inawezekana, sikiliza vizuri maneno yanayotumika, kwa sababu kuna maombi mawili yanayofanana kwa sura. Lipo la kubadilisha matumizi, ambapo kiwanja kinaacha kuwa cha makazi na kuwa cha biashara. Na lipo la kupanua matumizi, ambapo kiwanja kinabaki cha makazi na kinaongezewa shughuli nyingine ndogo kando. Yule kijana anakutajia la kwanza, pengine hajui hata kwamba la pili lipo. Wewe unaishi hapo na mama na watoto. Hutaki nyumba ya baba igeuke ghala kwenye daftari la serikali. Omba la kupanua, na sehemu iliyotajwa iwe ile ya jiko tu.

Ombi lenyewe huandaliwa na mtaalamu wa mipango ya ardhi aliyesajiliwa na bodi yake. Muombe nambari ya usajili kabla hamjaongea bei, na asiyekupa muage kwa heshima. Ataandika ripoti ya kueleza kiwanja kilivyo, barabara, maji, majirani, na kwa nini shughuli hii inaweza kukaa hapo bila kuwaudhi watu. Utatoa hati, matokeo ya upekuzi wa ardhi, yaani karatasi ya kuonyesha daftari la ardhi linasema nini juu ya kiwanja, ramani, na vyeti vya kuonyesha kwamba kodi ya ardhi na reti hazina madeni. Anza kuuliza madeni hayo leo, maana kiwanja cha marehemu mara nyingi kina miaka kadhaa isiyolipwa ambayo hakuna aliyeiona. Tangazo la gazeti ni ghali kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo liweke kwenye bajeti mapema. Na kwa kazi ya moshi na majitaka huenda ukatakiwa pia upitie mamlaka ya mazingira, NEMA. Mtaalamu wako atajua baada ya kuona ukubwa wa jiko.

Sheria inasema mwombaji asiyepata jibu la maandishi kwa siku 60 huhesabiwa amepewa ruhusa. Watu wa mtaani wataipenda sana sentensi hiyo na watakushauri ulale usubiri zihesabike. Usifanye hivyo. Faili likiwa na upungufu wa karatasi moja, ofisi itasema siku hazikuwa zimeanza kuhesabiwa, na utajikuta unabishana badala ya kupika. Fuatilia kila wiki, na kila ukienda andika jina la uliyemkuta na tarehe. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ile ile uliyoiandikia sasa, na baada yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na hata ukikubaliwa kazi haijaisha. Kwa kuwa hati yenu ni ya miaka 99 na ina sharti lililoandikwa, ruhusa ya kaunti inabidi ipelekwe ofisi ya ardhi ili sharti lenyewe liandikwe upya kwenye hati. Wengi huishia kwenye barua ya kaunti, wakaifremu ukutani. Miaka kumi baadaye wanataka kuuza au kukopa, hati inasema nyumba moja ya familia na barua inasema jingine.

Nimefika kwa jirani. Nimemweka hapa kwa sababu nilitaka kwanza uone mahali pake katika jambo hili. Umeuliza kama anaweza kuzuia riziki ya wanawake 7. Yeye peke yake haamui. Pingamizi lake litasomwa, litapimwa, na ofisi inaweza kulikataa kama halina msingi. Lakini ana msingi, mwanangu. Lile bango la langoni na tangazo la gazeti vimewekwa kwa ajili ya mtu kama yeye hasa: aliye nyuma ya ukuta, anayevuta moshi wa kazi yako bila kupata faida yake. Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na pumu ya mtoto ni kitu ambacho hakuna afisa atakayekipita akaweka sahihi kwa amani. Hata ungepewa ruhusa leo, anaweza kuipeleka rufaani, na akitoka huko akaenda mahakamani.

Na neno husuda, naomba uliondoe. Alikuja kwako mara mbili kabla ya mtu yeyote kwenda kaunti. Mara ya kwanza ulipandisha ukuta mistari mitatu, na moshi haujui ukuta. Mara ya pili ulimwambia akajenge porini. Kwamba alikuwa akipokea sahani ya pilau haina maana kwamba aliuza pumzi za mwanawe kwa sahani. Wala huna hakika kwamba ni yeye aliyewaita wale maafisa. Kenta linaloziba kichochoro kila wiki mbili linaonwa na mtaa mzima. Nakusema kama mzazi, na najua maneno haya yanauma, maana niliusikia unyonge katika sauti yako tulipoongea.

Nenda kwake kabla ya mtaalamu hajagusa karatasi. Safari hii usibebe chakula, ataona unamnunua. Nenda na mama yako, umuombe radhi kwa lile neno la porini, halafu umuulize ni saa ngapi moshi ni mbaya zaidi na maji yanapita wapi. Mwache azungumze mpaka amalize. Yale atakayokwambia ndiyo yatakayoandikwa kuwa masharti ya ruhusa yako ukiipata: saa za kazi, gari lisimame wapi, shimo la kunasa mafuta kabla ya maji kwenda kwenye majitaka, bomba la moshi. Ni afadhali uyasikie kutoka kwake sebuleni kuliko kuyasoma kwenye barua ya pingamizi. Jirani aliyekubali akakuandikia barua ya kutokuwa na pingamizi anasaidia faili lako kuliko kurasa ishirini za mtaalamu.

Sasa nikupe rai yangu, nawe una hiari ya kuikataa. Ungekuwa binti yangu wa kuzaa, nisingekuruhusu uombe jiko la kuni hapo hata kidogo. Mafiga sita ya matofali kwenye kiwanja cha nyumba moja, ukuta kwa ukuta na mtoto mgonjwa, ni ombi ambalo mimi mwenyewe nikiwa ofisini ningelikataa. Omba jiko la maandalizi: kuchambua mchele, kukata nyama, kukaanga vitunguu kwa gesi, kusaga viungo, kuosha vyombo, kupakia. Moto wa kuni upeleke mahali pengine. Najua ulivyosema kuhusu biriani ya gesi, na sitabishana na mkono uliolisha mtaa miaka yote hii. Lakini hata wewe waijua kazi ya kuni inavyogawanyika: muda mwingi zaidi ni wa maandalizi, na moto wenyewe pamoja na kupalia makaa juu ya mfuniko ni saa chache za mwisho. Saa hizo chache zinaweza kupikwa uwanjani kwa mwenye harusi, kama ulivyofanya hadi mwaka 2019, au kwenye eneo la kukodi ambalo limetengewa biashara. Mgongo wako usibebe tena; gari unalo sasa, na wanawake 7.

Na hili linajibu swali la arubuni. Harusi zote mbili zipike kwa wenyewe. Wapigie leo, waeleze kwamba utakuja kupika kwao, wengi watafurahi kwa sababu harusi bila harufu ya jiko uani haijatimia. Uani kwako usiwashe kuni tena kuanzia leo, na uiandikie ofisi barua fupi kusema umesimamisha, ukibaki na nakala. Kamati ikikaa kusikiliza rufaa yako, itataka kujua jambo hilo kabla ya jingine lolote. Banda lenyewe usilibomoe kabla hujasikilizwa, bali toa mafiga, ili atakayekuja kukagua asikute majivu ya moto.

Vyeti vya afya vya wale wanawake vitazame pia. Wanaoshika chakula hupimwa upya kila miezi 6, na afisa akija kwa habari ya ardhi hashindwi kuuliza na hivyo.

Usiku huu mpigie kaka yako. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo usingoje mpaka isha. Mpigie mara baada ya magharibi, na mama awe pembeni yako na spika ikiwa wazi. Usimwanzie habari ya jiko. Mwanzie habari ya baba, kwamba ni miaka mingi sasa na jina lake bado liko peke yake kwenye hati, na kwamba mnataka kwenda kwa kadhi mkiwa pamoja. Jiko atauliza mwenyewe. Nisalimie mama, na ukishapewa nambari ya faili niletee, nitakusomea ripoti ya mtaalamu kabla hujaitia sahihi.